Chungu Kimoja, Sahani Sita: Kisa cha Kaya ya Tanga Baada ya Baba Kubadilishiwa Chakula

Kaya iko Tanga mjini, maeneo ya Ngamiani. Watu ni sita: mume mwenye miaka 47, fundi seremala, mke wa miaka 41, ambaye alfajiri hukaanga maandazi ya kuuza, mvulana wa miaka 16 anayecheza mpira kila jioni, msichana wa miaka 11, mtoto wa miaka minne, na bibi wa miaka 68, mama mzazi wa mume. Ni kaya ya mfano. Namba zake zimepangwa zifanane na hali ya nyumba nyingi za pwani, na hesabu zote zilizomo unaweza kuzirudia jikoni kwako ukiwa na mzani na kikombe.

Mume alikwenda kupima baada ya wiki kadhaa za kiu, kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na macho kuona ukungu. Sukari kabla ya kula ilisoma 11.2 mmol/L, na kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilikuwa asilimia 8.4, ambapo mpaka ni 6.5. Presha 152/94. Uzito kilo 86 kwa urefu wa sentimita 168. Figo salama, na hilo ni la kuzingatia, kwa sababu mtu mwenye figo dhaifu hapangiwi chakula kama hiki. Aliandikiwa metformin, dawa ya kisukari, miligramu 500 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, na amlodipine, dawa ya presha, miligramu 5 mara moja. Kisha ushauri: acha sukari, punguza wanga, chumvi kidogo, mafuta kidogo, kula mboga kwa wingi.

Kila neno la ushauri huo ni sahihi, na jikoni hausaidii sana. Aliyeupokea ni mume, ila mwiko anaushika mke, na hakuna aliyemwambia "punguza" ni kiasi gani wala "kidogo" inaanzia wapi.

Sufuria mbili, na kwa nini hazidumu

Jambo la kwanza linalofanyika karibu kila nyumba ni kumpikia mgonjwa peke yake. Hapa ilikuwa hivyo: watoto na bibi waliendelea na wali wa nazi na samaki wa kukaanga, mume akawekewa ugali wa dona, mchicha wa kuchemsha usio na chumvi, na kipande cha samaki cheupe kisicho na ladha. Mkaa ukaongezeka, mke akakaa jikoni saa moja zaidi kila jioni, na mume akala akiwa amewageuzia mgongo wanaokula pilau. Utaratibu wa namna hii kwa kawaida haumalizi wiki tatu. Unavunjika usiku, wengine wakishalala, mtu anapofunua sufuria ya watoto.

Kosa lake la pili halionekani upesi. Chakula cha "wazima" kinabaki kilivyokuwa, wakati bibi ana umri wa kupata presha na mke naye hajapima. Chumvi, mafuta na sukari zilizozidi hazimdhuru mwenye kisukari peke yake.

Msimamo wetu katika kisa hiki ni huu: vinavyokwenda ndani ya chungu, yaani chumvi, mafuta, tui na sukari ya kwenye birika, vibadilike kwa wote. Kiasi cha wanga kibadilike kwenye sahani, kila mtu kwa kadiri yake. Chungu kimoja, ila sahani sita.

Kuanza na stoo kabla ya kubadilisha chochote

Ukimuuliza mtu anatumia chumvi kiasi gani atajibu "kawaida". Stoo husema kweli zaidi. Chukua kalamu ya wino mzito, andika tarehe juu ya pakiti ya chumvi, mfuko wa sukari na dumu la mafuta siku unapovifungua, kisha andika siku vilipokwisha. Kwenye kaya hii majibu yalikuwa hivi, ukiondoa vya biashara ya maandazi ambavyo ni lazima vikae pembeni ili hesabu isichanganyike.

Pakiti ya chumvi ya nusu kilo ilikwisha kwa siku 9. Gramu 500 kwa siku 9 kwa watu 6 ni zaidi ya gramu 9 kwa mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5, na mtoto apate chini ya hapo. Sukari kilo moja ilikwisha kwa siku 4: gramu 42 kwa mtu, kama vijiko kumi vya chai, kabla hujahesabu soda. Mafuta lita 5 yalidumu wiki tatu, yaani mililita 40 hivi kwa mtu kwa siku, karibu vijiko vitatu vya chakula. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120.

Hesabu hii ina faida ya pembeni: haimtaji mgonjwa. Inaizungumzia nyumba nzima, na bibi anaweza kuisikiliza bila kuhisi kwamba mwanawe ananyanyaswa.

Sinia, tonge na hesabu ya ugali

Mume, mvulana na yule mdogo walikuwa wakila sinia moja. Hapa ndipo "punguza wanga" inapofia. Kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na kuhesabu matonge hakusaidii, maana tonge la mtu mzima linaweza kuwa na gramu 30 au 50 kutegemea mkono na njaa.

Kila ugali ulikuwa unapikwa kwa kilo moja ya sembe na maji kama lita mbili, ukatoka ugali wa karibu kilo tatu. Mume alikula takriban gramu 700. Gramu 100 za ugali uliopikwa namna hiyo zina wanga wa gramu 26 hivi, kwa hiyo alikuwa anameza zaidi ya gramu 180 za wanga kwa mlo mmoja. Kwa mtu mzima wa kisukari wa uzito wake, mwanzo mzuri ni gramu 45 hadi 60 kwa mlo mkuu, kisha mashine ya kupimia sukari iseme kama zipungue au zibaki.

Gramu 60 za wanga ni ugali wa gramu 230, unaotokana na unga wa gramu 80. Kwa macho ni kama ngumi moja na nusu ya mwanamume. Njia rahisi kuliko zote ni kuupima mara moja kwenye mzani wa dukani au wa jikoni, kuushindilia kwenye bakuli dogo, na kuchora alama unapoishia. Baada ya hapo bakuli ndilo mzani. Lichovye maji kwanza, jaza mpaka alama, geuza kwenye sahani.

Mgawo mpya wa unga kwa mlo mmoja ulikuwa hivi: mume gramu 80, mke 90, bibi 70, msichana 110, mtoto mdogo 50, na mvulana wa mpira 200. Jumla gramu 600. Mvulana hapunguziwi, yuko kwenye kukua na anakimbia kila siku. Kwa milo minane ya ugali kwa wiki, nyumba inaokoa kilo 3.2 za unga. Fedha ya unga huo, ya sukari na ya mafuta yaliyopungua, ndiyo inayonunua mboga na maharage, na mke akionyesha hesabu hii malalamiko ya "vyakula vya kisukari ni ghali" hupungua.

Sasa kosa linalorudiwa kuliko yote: kubadili unga bila kupima. Watu huambiwa dona, mtama, ulezi au muhogo ni "ugali wa sukari", wakaula bila kiasi. Dona lina nyuzi nyingi kuliko sembe, linashibisha zaidi na ni bora kwa familia nzima. Lakini wanga wa gramu 100 za unga wa dona, wa ulezi au wa sembe hautofautiani sana, wote uko juu ya gramu 70. Gramu 700 za ugali wa ulezi bado ni mlima. Unga wa muhogo ndio mbaya zaidi kwenye orodha hiyo: wanga wake ni mwingi na protini yake ni haba mno. Uji wa lishe nao hupewa wagonjwa kwa nia njema, ingawa umesagwa laini kabisa, umechanganywa nafaka nne au tano, na hupanda upesi kwenye damu kuliko ugali wa nafaka zilezile.

Wali: kikombe kimoja cha mililita 250 kilichojazwa bila kushindiliwa kina gramu 170 hivi za wali na wanga karibu gramu 48. Hicho kinamtosha mume kwa mlo. Maharage nayo yana wanga, jambo linalosahaulika kwa sababu tunayaita mboga. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina wanga wa gramu 40, ila sehemu yake nzuri ni nyuzi na hupanda polepole. Kwa wali-maharage, basi, kikombe kimoja cha maharage kinaambatana na nusu kikombe cha wali, si kikombe kizima.

Heshima ya sahani ni suala lenyewe, na ushauri wa kliniki hauligusi. Mke akimwekea mume ugali mdogo mbele ya mama mkwe, ugali ule unasomeka vingine. Bibi alisema wazi:

"Mwanangu, mwanaume atashibaje kwa majani?"

"Samaki wake mzima, mama. Ni ugali tu daktari aliosema upungue."

Jibu hilo ni zuri kwa sababu lina kitu cha kuona. Sahani ya mume iwe bapa, ya upana wa sentimita 23 hivi, mboga zichukue nusu nzima, samaki asikatwe vipande, ugali ukae robo iliyobaki. Sahani imejaa. Na aanze na mboga na samaki, ugali ufuate mwishoni. Mpangilio huo peke yake hupunguza mruko wa sukari baada ya mlo. Siku ya kliniki inayofuata bibi naye aende. Atapimwa presha, na akisikia maelezo kwa daktari mwenyewe, mke hatakuwa tena mleta habari mbaya.

Nusu sahani ya mboga inatoka wapi

Nusu sahani ni gramu 150 hadi 200 za mboga zilizopikwa kwa mtu mzima. Kwa nyumba hii ni karibu gramu 900 kwa mlo. Mchicha uliochambuliwa ukiiva hubaki nusu ya uzito wake au zaidi kidogo, kwa hiyo kuijaza nusu sahani ya kila mtu kwa mchicha pekee kunataka karibu kilo mbili za majani, kila mlo. Hakuna atakayechambua kiasi hicho kila siku. Ndiyo maana nyumba nyingi huishia na kijiko cha mchicha pembeni ya ugali na kuamini zinakula mboga.

Dawa yake ni kuchanganya majani na mboga zisizonywea: kabichi, bilinganya, bamia, nyanya chungu, maharage mabichi, karoti chache. Nusu kabichi ya wastani, bilinganya mbili na mafungu mawili ya matembele hujaza sahani sita. Bamia na mlenda zina utelezi unaopunguza kasi ya ugali tumboni, na wazee wa Tanga wanaupenda mlenda, kwa hiyo hapo hakuna wa kubembelezwa. Kachumbari ya nyanya, kitunguu na tango kwa ndimu, bila chumvi, ikae mezani kila siku. Inakuza sahani bila moto.

Mboga za majani zipikwe dakika tatu hadi tano. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja na nusu cha mafuta kwa sufuria ya watu sita, tia nyanya, kisha majani, funika kidogo. Zikipikwa mpaka zikawa kahawia zinapoteza ladha, na mpishi huirudisha ladha hiyo kwa chumvi. Kisamvu ni tofauti: hakiharakishwi. Kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu kibichi kina sumu ya sianidi.

Chumvi iliyojificha

Wiki mbili baada ya kupunguza chumvi presha ilikuwa haijasogea. Sababu ilikuwa kwenye kabati: vidonge vya mchuzi viwili kwa kila sufuria, kiungo cha mchuzi cha pakiti, na magadi kwenye maharage na kisamvu. Vidonge vya mchuzi sehemu yake kubwa ni chumvi. Soma kiambato cha kwanza kwenye karatasi. Magadi hayana ladha ya chumvi lakini yana sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Kijiko cha chai cha soda ya kupikia kina sodiamu inayozidi nusu ya ile iliyomo kwenye kijiko cha chumvi. Ng'onda ni chumvi iliyoshikana na samaki: iloweke usiku kucha, badilisha maji mara mbili, na isizidi mlo mmoja kwa wiki.

Maharage hayahitaji magadi kama yamelowekwa saa 8 hadi 12. Mwaga maji ya kuloweka, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, kisha punguza moto. Chumvi iingie mwishoni.

Njia ya kudhibiti chumvi ya nyumba isitegemee mkono wa mpishi. Asubuhi, pima vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, gramu 24 hivi, weka kwenye kikopo kidogo. Hiyo ni ya siku nzima, ya kila sufuria. Ikiisha, imeisha. Chumvi ya mezani iondoke. Kwa mpango huo pakiti ya nusu kilo inafika wiki tatu. Iwe ileile yenye madini joto. Watu wengine wakiambiwa wapunguze hukimbilia chumvi ya mawe wakidhani ni ya asili na salama, ilhali sodiamu ni ileile na madini joto hayamo. Chumvi mbadala zenye potasiamu zisinunuliwe bila kumuuliza daktari, kwani kwa mwenye figo mbovu au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Pwani ina bahati ya viungo. Samaki wa chukuchuku mwenye ndimu, pilipili mbichi, kitunguu saumu na tangawizi hasikiki kama chakula cha hospitali hata kwa nusu kijiko cha chumvi. Ndimu itiwe sufuria ikishaepuliwa. Ikichemka sana ukali wake hupotea na mpishi atarudi kwenye kikopo. Wiki ya kwanza kila mtu atalalamika. Ulimi huzoea baada ya wiki tatu au nne, na ukishazoea, chakula cha zamani huonekana kikali.

Tui na mafuta

Usijaribu kuiondoa nazi Tanga. Ipunguze. Nyama ya nazi moja ya wastani ina mafuta yapatayo gramu 80 hadi 100, ukubwa ukitofautiana, na sehemu kubwa ni yale yanayoganda na kupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Zamani wali wa kilo moja ulitiwa nazi mbili. Sasa mchele gramu 600 upikwe kwa tui la pili na la tatu, na vijiko vinne tu vya tui la kwanza vitiwe maji yanapokaribia kukauka. Harufu ya nazi hubaki juu ambako pua inaikuta. Siku ya wali wa nazi mchuzi usiwe wa nazi. Samaki awe wa kuchoma au wa chukuchuku. Mbili kwa pamoja ndizo zilizokuwa zikiumiza.

Mafuta ya kupikia yatoke kwenye dumu na kuingia chupa ya nusu lita, ijazwe kila baada ya siku nne. Hiyo ni mililita 125 kwa siku kwa nyumba nzima, nusu ya zamani. Ukimimina kutoka kwenye dumu la lita tano mkono hauna breki.

Chai, maandazi na biashara ya mke

Asubuhi mume alikula maandazi matatu na chai ya vijiko vitatu vya sukari: andazi moja, kilo ya unga wa ngano na gramu 150 za sukari zikitoa maandazi 30, lina wanga wa gramu 30 hivi. Matatu ni 90, chai 12. Kabla ya saa mbili asubuhi mume alikuwa amevuka gramu 100, na alizoea kula yaliyobaki kwenye beseni.

Kumwambia mke aache biashara si ushauri. Kilichowezekana ni kukaanga kwa idadi ya wateja wa kila siku, na yanayobaki yapelekwe kwa jirani mwenye mgahawa kwa bei ya chini kabla ya saa tatu, yasilale ndani. Asubuhi ya mume ikawa yai la kuchemsha au mabaki ya samaki, viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200 na kachumbari. Viazi hivyo vina wanga kama gramu 40. Mihogo ya uzito uleule ina wanga unaokaribia maradufu, kwa hiyo anayebadilishana "viazi au mihogo" kwa kipimo kimoja anajidanganya. Mbaazi zikipikwa kwa tui jepesi ni kifungua kinywa kizuri, bila andazi pembeni.

Sukari ilikuwa inachemshwa ndani ya birika. Itolewe huko. Chai ichemke na tangawizi, mdalasini na iliki bila sukari, bakuli la sukari likae mezani, kila mtu ajitilie. Mume alishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili wiki ya kwanza, kimoja ya pili, sifuri mwezi ulipoisha. Asali na sukari guru si njia ya kutokea. Ni sukari zenye sura nyingine. Juisi ya matunda vilevile: glasi moja hula machungwa matatu au manne na nyuzi zinatupwa. Chungwa moja zima, au nusu ya embe dogo, kwa wakati mmoja, hakuna tatizo.

Karakana ina majaribu yake. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa hivi, na alikuwa akinywa moja kila mchana. Kwa mama ntilie aagize "wali nusu, mboga zaidi", na aseme kabla sahani haijapakuliwa. Kikishapakuliwa kitaliwa.

Asiyepaswa kupunguziwa

Mwezi wa pili mtoto wa miaka minne hakuongezeka uzito. Mafuta ya nyumba yalikuwa yameshuka kwa nusu, ugali umepungua, na tumbo lake dogo lilijaa mboga kabla halijapata nguvu ya kutosha. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, maana macho yote yako kwa mgonjwa. Mtoto wa umri huo anahitaji mafuta. Kwenye sahani yake, baada ya kupakua, iongezwe kijiko cha karanga zilizosagwa au robo ya parachichi, na kati ya milo apewe yai au kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta. Karanga nzima asipewe, zinaweza kumpalia. Akapimwe uzito kila mwezi mpaka mstari wa kadi urudi kupanda.

Stripu chache, zitumike vizuri

Stripu za mashine ya sukari, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, zinagharimu, na wengi huzimaliza kwa kupima kila asubuhi namba ambayo haiwafundishi kitu jikoni. Bora kupima kwa jozi: kabla ya mlo na saa mbili baada ya tonge la kwanza. Jozi nne kwa wiki mbili, stripu nane, zinatosha kujua sahani ipi ina shida. Kwenye mfano wetu: ugali wa sembe wa sinia, 8.9 kisha 15.6. Dona la kiasi kilekile, 8.7 kisha 14.9. Dona la bakuli lenye alama, mboga nusu sahani zikitangulia, 8.4 kisha 10.3. Namba ya tatu ndiyo inayomshawishi mume kuliko mahubiri yoyote. Wengi hulenga chini ya 10 baada ya saa mbili, lakini daktari wake ndiye wa kumwekea lengo.

Anayetumia vidonge vya kisukari vya glibenclamide au sindano za insulini asikate wanga kwa nusu kabla ya kuzungumza na kliniki. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala, na matokeo yake ni kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa. Sukari ikishuka chini ya 4.0, anywe vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, asubiri dakika 15, apime tena. Metformin peke yake ni nadra kuleta hali hiyo, lakini kuruka mlo wa jioni "ili kupunguza" hakuna faida: mume alipojaribu, saa tano usiku alikula mara mbili ya kawaida.

Shughuli na futari

Kwenye harusi aanze na nyama na kachumbari, pilau iwe kikombe, kinywaji kiwe maji. Mlo mmoja hauharibu mwezi. Wali wa shughuli uliofungiwa mfukoni na kuliwa siku tatu ndio unaoharibu.

Ramadhani ipangwe na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu saa za dawa hubadilika. Tatizo la futari ya pwani ni wanga juu ya wanga: uji, mihogo ya nazi, tambi za sukari, vibibi na kaimati kwenye mkeka mmoja. Achague kimoja, tende zisizidi tatu ndogo, supu na samaki viwepo, na daku aicheleweshe, asiiache. Akipima mchana na kukuta chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue saa hiyohiyo, hata kama magharibi imebaki dakika ishirini.

Baada ya miezi mitatu

HbA1c irudiwe baada ya miezi mitatu, si kabla, maana kipimo hicho hufuata umri wa chembe nyekundu za damu, siku 120 hivi. Kushuka kwa asilimia moja hadi mbili ni jambo la kutarajiwa, sehemu kwa dawa, sehemu kwa sahani. Uzito wa kulenga ni kupungua asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 9 hivi kwa mume huyu. Ikiwa HbA1c imekataa kushuka, angalia jozi za vipimo. Kama baada ya milo namba ni nzuri lakini asubuhi kabla ya kula ziko 9 au 10, tatizo huenda si chakula cha jioni: ini hutoa sukari usiku, na hapo ni dozi ya dawa inayohitaji kuongezwa na daktari, si ugali kupunguzwa tena. Kama za asubuhi ni nzuri na za baada ya mlo zinaruka, rudi kwenye bakuli. Mara nyingi alama yake imefutika kwa kuoshwa, na mkono umeanza tena kukadiria.